Kura za simu ukumbini: kinachofundisha ni kifaa au ubishi?

Katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu, swali la "mmeelewa?" halimsaidii mtu. Wachache wa mbele wataitikia, wengine watanyamaza, na mhadhiri ataendelea na mada. Hapo ndipo kupiga kura kwa simu, yaani kila mwanafunzi kuchagua jibu la swali la mhadhiri kwenye simu yake, kunapofaa kweli. Kila mmoja anajibu, hata anayeogopa kuchekwa, na mhadhiri anaona papo hapo kwamba nusu ya darasa imeielewa dhana kinyume.

Ila kuona tu hakutoshi. Mwaka 1991, Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuwapa wanafunzi swali la dhana: kila mtu ajibu peke yake, abishane na jirani yake, kisha ajibu tena. Mbinu hiyo ikaenea sambamba na vidude vya kubonyeza majibu, na wengi wakadhani siri imo ndani ya vidude. Mwaka 2008 mtafiti wa ufundishaji wa fizikia, Nathaniel Lasry, alilinganisha darasa lililovitumia na lililoinua kadi za karatasi. Hakukuwa na tofauti ya maana katika walichojifunza. Matokeo hayo yangefaa kusomwa na kila mkuu wa chuo kabla ya kuidhinisha ununuzi wa vifaa. Kinachofundisha ni ule ubishi.

Wanaopinga vifaa ukumbini nao wana hoja nzito. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanafunzi anayeshughulika na mambo mengine kwenye kompyuta mpakato hupata alama za chini, na anayeketi mahali anapoiona skrini hiyo huumia pia. Hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi, maana huyo hakuchagua lolote. Kwa hiyo simu itolewe wakati wa swali, kisha irudi mfukoni.

Tatizo jingine halizungumzwi sana. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 uligundua kuwa wanafunzi waliojifunza kwa kushiriki walifaulu zaidi kwenye jaribio, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Basi chuo kinachopima mafanikio kwa dodoso la kuridhika kinaweza kuiacha mbinu inayofanya kazi.

Kama fedha inatosha jambo moja tu, ningeilipia muda wa wahadhiri kutunga maswali. Swali ambalo majibu yake yasiyo sahihi yanamshawishi hata mwanafunzi makini halitungwi kwa dakika tano, na hakuna programu itakayoliokoa swali bovu.