Tulivyomwaga Bibi Uji

Nina mwandiko mzuri. Sijisifu, naungama, maana huo mwandiko ndio ulioleta yote haya.

Nafundisha kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana, huku pande za Uyole, Mbeya. Jina la kituo nalifunika na blanketi, kwanza kwa sababu ni Julai na baridi la huku mnalijua, pili kwa sababu bado nalipwa pale. Watoto arobaini na wanane, watumishi sita, na mwanaume anayefundisha ni mimi peke yangu. Wananiita Ticha.

Mwaka huu Madamu, mkuu wetu, alihudhuria semina ya ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Jina lenyewe ukilitamka bila kupumua unaona nyota. Alirudi amewaka. Akatuambia malezi yana mambo matano, na kwa hiyo na sisi tutakuwa na kamati tano. Dada Mkubwa akapewa Afya. Dada Mdogo akapewa Malezi Yenye Mwitikio, akauliza aitikie nini, hakujibiwa. Babu Geti, mlinzi wetu, akawa Ulinzi na Usalama, kazi aliyokuwa anaifanya siku zote ila sasa akadai koti. Mimi Ujifunzaji wa Awali. Kamati ya Lishe ilikuwa na mjumbe mmoja, Bibi Uji, naye hakuhudhuria kikao hata kimoja. Alisema lishe haipikwi mdomoni.

Huyu Bibi Uji ni mtu wa Tukuyu. Miaka tisa amesimama jikoni pale, kuni, moshi, sufuria ambayo mtoto wa miaka mitatu angeweza kuogelea, na mwiko kama kasia. Uji wake ulikuwa wa ulezi na soya na karanga, mzito kiasi kwamba kijiko kikisimamishwa kinatafakari kwanza ndipo kianguke. Anajua nani anataka ndimu, nani hataki, nani anajifanya hataki mpaka amwone mwenzake. Mwezi wa tatu akatuambia magoti yamechoka na macho yamejaa moshi, ikifika Julai anarudi kwao kuangalia migomba yake.

Tukapanga kumuaga. Kikao kilichukua saa mbili, na kila kamati ikapewa jukumu. Mimi, kwa ajili ya mwandiko, nikapewa tangazo la wazazi, libandikwe kwenye daftari la kila mtoto. Ili kubana matumizi tukakubaliana karatasi moja itoe matangazo sita, tukate kwa mkasi. Kwa hiyo nafasi ilikuwa ndogo. Hapo ndipo nilipofinya maneno:

"MZAZI, Bibi Uji wetu mpendwa ametuacha. Ataagwa Ijumaa saa 4 asubuhi hapa kituoni, kisha atasafirishwa kwenda kwao Tukuyu kupumzika. Mchango wako, kiasi chochote, mkabidhi Dada Mkubwa. Tutamkumbuka daima."

Nililisoma mara tatu nikaona ni zuri. Madamu akalisoma, akasema "una kipaji," akagonga muhuri. Dada wote wawili walilisoma wakati wa kukata. Babu Geti aliomba asomewe, akasomewa, akatikisa kichwa akasema kweli tutamkumbuka. Watu watano wazima, kamati tano, na hakuna aliyeona kitu.

Yakabandikwa Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi wazazi walikuwa wapole ajabu. Mama mmoja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Poleni sana, Ticha." Nikamjibu asante, tumeshapoa. Nilidhani anazungumzia baridi.

Halafu akaja baba mmoja mwenye Coaster inayokwenda Tukuyu. Akanivuta pembeni.

"Ticha, ilikuwa ghafla?"

"Wala, mzee. Alishatuambia tangu mwezi wa tatu."

"Alijua?"

"Alipanga mwenyewe. Mpaka mwezi alitaja."

Akavua kofia. "Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Magoti."

"Magoti tu?"

"Magoti na moshi."

Akakaa kimya, akaangalia jikoni kwetu kwa jicho ambalo sikulielewa. "Na huyo wa kushika nafasi yake?"

"Tumeshampata, anaanza Jumatatu."

"Mbona haraka hivyo, Ticha?"

"Sasa mzee, watoto wakae bila uji?"

Akasema basi, Coaster yake itambeba Bibi mpaka nyumbani kwao, bure, hiyo ni sadaka yake. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikaenda kuwatangazia wenzangu kwamba wazazi wa kituo hiki wana upendo.

Watoto nao walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo wa kwaheri, na mtoto wa chekechea hana siri. Nyumbani walikoulizwa "Bibi Uji yuko wapi?" walijibu walichofundishwa: anaenda na gari, anapumzika, tumeimba.

Ijumaa tulimwambia Bibi asije mapema, yeye ni mgeni rasmi, afike saa nne. Saa mbili na nusu niko juu ya kiti nafunga maputo. Nikasikia sauti getini. Nachungulia dirishani, naona akina mama wamejifunga kanga viunoni, wanaingia mmoja mmoja, wamejishika vichwa. Mmoja ana debe la viazi. Mwingine mfuko wa unga. Nyuma yao bajaji imejaa kuni. Mbeya msiba hausubiri mwaliko.

Dada Mkubwa aliyekwenda kuwapokea akarudi anakimbia, machozi mpaka kwenye kola.

"Ticha, Bibi amefariki!"

"Nani kakwambia?"

"Wazazi wote wanajua! Ni sisi tu ndio hatujaambiwa!"

Nikapiga simu ya Bibi. Namba unayopiga haipatikani. Bibi huwa anaizima ili chaji isiishe, anaifunga kwenye leso, jambo hilo nalijua kama jina langu, lakini dakika ile lilinitoka. Miguu ikaniisha nguvu nikakaa kwenye kiti cha mtoto, mnavijua vile viti, magoti yanakuja masikioni. Nikalia. Na wazo lililonijia ni hili, naomba mlipokee kama lilivyo: maskini Bibi, na juzi tu nimetoka kumwandikia tangazo.

Kazi ya pamoja ambayo Madamu alikuwa akiihubiri tangu atoke semina ilionekana siku ile. Babu Geti aliwasha moto nje ya geti, wanaume wakauzunguka. Dada Mdogo akatandika mikeka kwa ajili ya akina mama, na sasa nadhani ndipo alipoelewa maana ya mwitikio, maana kila aliyelia alimwitikia. Dada Mkubwa aliifuta ile "Zawadi" juu ya daftari lake akaandika "Rambirambi". Madamu alijifungia ofisini, tukamwachia majonzi yake. Mimi nikaambiwa niandae wasifu wa marehemu. Nilikuwa na hotuba ya kumuaga mfukoni. Nikabadilisha "anaondoka" ikawa "ameondoka". Kingine chote kilikaa kama kilivyo.

Coaster ikaja, ina tawi la mti mbele kama gari la msiba.

Saa nne kasoro, Bibi Uji akashuka kwenye bajaji nyingine. Kitenge kipya, kilemba, na mkungu wa ndizi aliotuletea kama shukrani. Anaona moto getini. Anaona wanaume wameinamisha vichwa. Mtu mzima wa Tukuyu haulizi maswali mbele ya moto wa namna hiyo. Aliweka mkungu chini, akakaza kitenge kiunoni, akaingia analia. Wanaume hawakumtazama usoni, kwenye msiba mama anayelia humtazami.

Akaenda kukaa mkeka wa nyuma kabisa. Jumatano Madamu alikuwa anakohoa, na sasa Madamu haonekani popote. Bibi akapiga hesabu yake.

"Madamu wanguuu! Ungeniambia nikuchemshie tangawizi!"

Akina mama walio karibu wakambembeleza bila kugeuka. Yaani Bibi Uji alibembelezwa kwenye msiba wa Bibi Uji, akapewa na leso.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele, niko aya ya pili ya wasifu, "alikuwa mama wa watoto wote", ndipo kile kitoto kimoja cha darasa langu, kile kisichokaa chini, kikapita katikati ya mikeka, kikasimama mbele ya yule mama wa nyuma, kikamshika goti.

"Bibi, uji uko wapi?"

Kimya kikashuka. Bibi akainua uso. Aliyekuwa karibu naye akamwona, akapiga ukelele ambao naamini ulifika Igawilo. Akina mama wakainuka na mikeka yao. Yule baba wa Coaster aliruka ua wa michongoma, mtu wa kitambi chake, na kofia ikabaki hewani kidogo. Kelele zile zikamtoa Madamu ofisini. Akafungua mlango, akakutana uso kwa uso na Bibi. Bibi naye akamwona Madamu.

Walipiga kelele kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumlilia mwenzake. Bibi mwenye magoti mabovu alifika getini kabla ya Babu Geti, na Madamu alirudi ofisini akapiga kufuli kwa ndani. Mimi? Nilikuwa chini ya meza ya maputo.

Ilichukua muda. Babu Geti ndiye aliyemrudisha Bibi, kwa kumgusa kwanza begani na fimbo ili ahakikishe. Yule baba wa Coaster, mkono umechanika kwa miiba, akatoa daftari la mwanawe mfukoni akasoma tangazo kwa sauti. Alipofika "ataagwa" akanitazama. Alipofika "atasafirishwa" walinitazama wote. Madamu, aliyelipigia muhuri, naye alinitazama, nikaona hiyo ni dhuluma.

Bibi hakusema kitu. Akafuta macho na ile leso ya watu, akavaa miwani, akanyoosha mkono kwa Dada Mkubwa.

"Lete hilo daftari."

Akasoma rambirambi zake jina kwa jina, kidole kikishuka polepole. Watu waliokuwa wanajiandaa kuondoka wakasimama.

"Huyu elfu kumi. Mungu akubariki, mwanangu. Huyu elfu tano, sawa. Huyu..." Akainua miwani. "Elfu mbili? Mama Pacha, elfu mbili? Mapacha wale wanakunywa vikombe vinne!"

Mama Pacha akafungua pochi papo hapo akaongeza elfu tano. Baba mmoja ambaye jina lake halikuwa ukurasa ule alianza kutoka kinyumenyume, Babu Geti akafunga geti. Kamati ya Ulinzi na Usalama.

Hakuna aliyerudishiwa hela. Viazi vilikuwa vimeshamenywa, ikabidi vipikwe. Aliyevipika ni mgeni rasmi mwenyewe, baada ya kuonja mara moja na kumnyang'anya Dada Mdogo mwiko. Watoto wakaimba wimbo wao. Mimi nikaombwa nisisome hotuba.

Bibi alipanda Coaster mbele, pembeni ya dereva, na unga wake, na viazi vilivyobaki, na kuni. Katika purukushani hakuna aliyekumbuka kutoa lile tawi. Coaster ikaenda nalo mpaka Tukuyu. Usiku akawasha simu akanipigia, sauti imejaa furaha.

"Ticha, ndaga fijo, asante sana. Magari yote yalitupisha. Mpaka malori."

Jumatatu mpishi mpya ameanza. Tangazo lake ameandika Babu Geti, kwa mkaa, kwenye kipande cha boksi getini: MPISHI MPYA YUPO. Halafu chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, ameongeza: MZIMA.