Ukiomba nafasi ya utafiti wa miji, nenda na mtaa wako

Kila msimu wa maombi ukifika, vijana waliosoma usanifu majengo na mipango miji hunitumia barua zao za kuomba nafasi za utafiti wa uzamivu nizipitie kabla hawajazipeleka Stockholm, Delft au London. Nyingi zimeandikwa vizuri. Kiingereza kimenyooka, alama zinaridhisha, na aya ya kwanza inataja programu za kompyuta: QGIS, AutoCAD, Python kidogo, na depthmapX kwa yule aliyekwishaanza kusoma habari za uchambuzi wa nafasi za mji. Aya ya pili inasema mwombaji ana shauku na miji endelevu. Ya tatu inakisifia chuo. Nikifika mwisho bado sijui huyu mtu amekulia mji gani, na hilo linaniuma, kwa sababu mji aliokulia ndicho kitu pekee ambacho mwombaji wa Zurich hawezi kukipata hata akisoma usiku na mchana.

Anayeomba nafasi ya utafiti haombi kufundishwa programu. Anaomba kulipwa ili atafute jibu la swali. Basi swali lionekane tangu mistari ya mwanzo, litoke kwenye mtaa anaoujua kwa miguu yake, na liwe swali ambalo mbinu zilizopo zinalishindwa au zinalijibu nusu nusu.

Ujuzi wa kompyuta hauna uadimu tena. Bill Hillier na Julienne Hanson, waliofanya kazi University College London tangu miaka ya 1970, walijenga hoja kwamba uhai wa mtaa unategemea sana jinsi ulivyounganika na mitaa mingine yote. Mtaa unaofikika kwa kona chache hupata wapita njia, wapita njia huvuta biashara, na biashara huvuta wapita njia zaidi. Hoja hiyo ikageuzwa kuwa hesabu. Kila mtaa unapewa namba inayoonyesha ukaribu wake na mitaa mingine, mara nyingi kwa kuhesabu kona badala ya mita, na namba nyingine inayoonyesha ni safari ngapi za njia ya mkato zingelazimika kuupitia. Zamani kazi hiyo ilihitaji kuchora mistari kwa mkono. Leo ramani ya OpenStreetMap ni ya bure, OSMnx, programu ya kuichambua ramani hiyo, ni ya bure, na mwanafunzi wa Mbeya mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuipakua mitaa yote ya mji wake na kuipatia namba hizo mchana mmoja. Wanaosoma maombi wanalijua hilo. Ramani yenye mistari myekundu na ya bluu haimshangazi mtu. Kinachomfanya msomaji asimame ni mwombaji anayesema: hapa mstari umeandika njia, na mimi najua njia hiyo haipitiki hivyo.

Chukua Lamu. Mji wa Kale uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na miaka ya 1970 msanifu Usam Ghaidan alikuwa amekwishaufanyia utafiti na kuuchora. Ukiuangalia kwa setilaiti unaona Usita wa Mui ukienda sambamba na pwani, na vichochoro vikipanda kutoka baharini kuelekea ndani ya mji. Ukiiachia kompyuta, itapima hivyo tu. Lakini Lamu ina wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, aghalabu za jamaa wa ukoo mmoja. Kwa vizazi, wanawake waliweza kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kukanyaga mtaani. Kutoka angani wikio ni paa kama mapaa mengine. Anayechora ramani kwa picha ya juu ama ataikata njia hapo, akidhani imezibwa na jengo, ama ataipitisha chini na kuusahau ule mtandao wa pili uliopita juu ya vichwa vya wapita njia.

Tena nyumba yenyewe ya mawe imepangwa kwa kina. Unaanza dakani, pale penye mabenchi ya mawe mlangoni, unapita tekani palipopinda ili jicho la mtaani lisiingie, unatokea kiwandani, yaani ua penye anga, halafu misana, zile kumbi ndefu, halafu ndani. Mgeni hukomea mwanzoni, na kila hatua ya kuingia inahitaji undugu wa karibu zaidi. Hillier na Hanson walikuwa na njia ya kupima hilo hilo: unahesabu ni mipaka mingapi inavukwa kutoka nje hadi kila chumba, kisha unauchora mpangilio wa nyumba kama mti unaoanzia mtaani. Nyumba ya Lamu inaweza kupimwa hivyo bila shida. Kisichopimika kwa urahisi ni nyumba yenye wikio, kwa sababu ina milango miwili ya kuanzia: mmoja wa mtaa, mwingine wa jamaa. Chumba cha ndani kabisa kwa mgeni huenda kikawa cha karibu kabisa kwa binamu anayetokea juu. Kijana wa Lamu aliyewahi kutumwa na nyanya yake nyumba ya pili analijua hili bila kufundishwa. Akiandika kwamba anataka kuupima mji wenye mitandao miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na kuonyesha nani anapotea kwenye hesabu tunapopima mmoja tu, hiyo ni barua ya utafiti. Hahitaji kusema ana shauku.

Dar es Salaam ina maswali yake, na si madogo. Huba Nguluma alipofanya shahada ya uzamivu KTH, chuo kikuu cha teknolojia cha Stockholm, akaimaliza mwaka 2003, alikwenda na mtaa wa Hanna Nassif: jinsi watu wanavyojijengea, wanavyoongeza vyumba, na nafasi zinavyobadilika mkononi mwao. Mwaka mmoja kabla yake John Lupala alikuwa amemaliza chuoni hapo hapo kwa utafiti wa aina za makazi ya Dar es Salaam. Ninawataja kwa sababu vijana wengi huniambia kwamba ukitaka kukubaliwa Ulaya lazima uandike juu ya mambo ya Ulaya. Si kweli, na ushahidi umo maktabani.

Uswahilini pana jambo ambalo hadi leo ramani zetu hazijalishika. Kuna njia inayopita katikati ya uwanja wa mtu. Jirani anapita, anatoa salamu, anaulizwa hali ya mtoto, anaendelea. Mgeni akijaribu kupita ataulizwa anakwenda wapi. Saa nne usiku hata jirani atazunguka. Kisha mwenye uwanja anaongeza fremu mbili za biashara na njia inabaki upana wa mabega, au inakufa. Kwenye ramani huo ni mstari mmoja, wazi kwa wote, saa zote. Ramani Huria, kazi ya kuichora Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2015 na kuwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi, ilifanya kazi kubwa ya kuichora mitaa inayokumbwa na mafuriko, na data yake iko wazi. Ni hazina. Anayeiongezea ruhusa ya kupita, akaandika njia hii ni ya nani, saa ngapi, na ilikuwa na upana gani kabla ya fremu, anaipeleka mbele kazi ya wenzake badala ya kuirudia.

Au nenda Jangwani wakati wa masika. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa, na mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara kwenda Kivukoni, njia iliyoanza kazi mwaka 2016, yanakatika katikati. Mji wenye zaidi ya watu milioni 5.3 kwa Sensa ya 2022 unapoteza kiungo kimoja, na watu wanatafuta njia nyingine: Daraja la Selander, lile la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, au kuzunguka mbali kabisa. Ukiuondoa ule mstari kwenye mtandao na kupiga hesabu upya, unapata mji wa pili, mji wa masika, wenye mitaa yake mikuu na pembezoni zake. Je, mama mwenye genge Magomeni anauza kwa mji upi? Nafasi za kazi anazozifikia mtu wa Manzese siku ya mvua ni zipi? Sijaona sababu kwa nini swali hili lisubiri mtu wa kutoka Boston.

Zanzibar nayo ina lake. Mji Mkongwe uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2000 na tangu hapo macho yako upande huo, wakati watu wengi wa mjini wanaishi Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamepangwa kando ya barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko, juu ya mtaa uliokuwa na njia zake ndogo. Njia zile zilikwenda wapi? Unguja na Pemba zilipigwa picha na droni kuanzia mwaka 2016, kwa hiyo picha za kuanzia zipo.

Sasa barua yenyewe. Swali likishapatikana, weka ukurasa mmoja wenye ramani uliyoitengeneza wewe na maelezo mafupi ya ulichokiona na usichokielewa. Huo ukurasa una uzito kuliko jalada lote la picha za kompyuta za majengo yenye vioo. Nafasi ya ofisi ya usanifu inataka picha hizo. Nafasi ya utafiti inataka kuona unavyofikiri. Ukiweza, simama kwenye kona kadhaa uhesabu wapita njia kwa dakika 5, asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya Ijumaa kama kuna msikiti karibu. Hesabu hiyo ndogo inaonyesha kwamba unajua namba za kompyuta ni dhana mpaka zigusane na miguu ya watu. Na angalia unapoikata ramani. Ukiikata kwenye mpaka wa kata, mitaa ya ukingoni itaonekana imekufa kwa sababu tu umeiondolea majirani zake. Chukua eneo kubwa zaidi, pima, kisha onyesha la katikati. Msomaji mzoefu hulitazama hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Eleza pia utakavyoingia mtaani. Kibali cha utafiti, COSTECH kwa Tanzania Bara au NACOSTI kwa Kenya, barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe wa kukutembeza siku ya kwanza. Kwetu mambo haya ni ya kawaida mno hata tunasahau kuyaandika, na kumbe ni nusu ya ustadi wa kazi.

Kuhusu wadhamini wa kukuandikia barua, nasisitiza: usimkimbilie profesa mwenye cheo kikubwa asiyekujua. Mwombe mhadhiri aliyekusimamia mradi wa mwaka wa mwisho, aliyekuona ukirudi na vumbi na daftari lenye michoro. Barua yake itakuwa na mambo ya kweli ndani yake. Mpelekee mapema swali lako na ule ukurasa wa ramani, kwa heshima, na umpe muda wa kutosha.

Pesa hubadilisha mahali pa kuomba. Sweden humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa mshahara, hakuna ada, na miaka 4 inaweza kufika 5 ukifundisha kidogo. Nafasi hutangazwa kama kazi, kwa hiyo fuatilia kurasa za ajira za vyuo kama KTH na Chalmers. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya inadai uwe hujaishi katika nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia, na sharti hilo linamwachia mlango wazi aliyebaki nyumbani. Uingereza ni tofauti: kukubaliwa na chuo ni jambo moja na kupata fedha ni jingine, hivyo ufadhili wa masomo wa Commonwealth uombwe sambamba. Cheti cha Kiingereza kina gharama. Kabla ya kulipa, uliza chuo kama kinapokea barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulisoma kwa lugha hiyo, kwa maana baadhi hupokea.

Nina ombi pia kwa vyuo vyetu, na nalitoa kwa moyo wote. Ardhi, Nairobi, Jomo Kenyatta: tangazeni nafasi kama hizi hapa nyumbani, chache tu, zenye mshahara wa miaka 4, zinazomtaka mwombaji alete swali la mtaa wake. Wataalamu wa kuwasimamia wapo, walisoma nje wakarudi. Ramani zipo wazi. Masika nayo huja kila mwaka, na mtafiti anayelipwa akiishi Magomeni atakuwa pale barabara itakapofungwa, akihesabu, bila kusubiri viza wala tiketi ya ndege.