Msiwarukishie watoto ukurasa wa mwisho

Kuna kitabu cha picha cha David McKee, yule Mwingereza aliyemchora Elmer tembo wa viraka, kinaitwa Tusk Tusk, kilitoka 1978, na kila nikikitaja kwa wazazi wenzangu naambiwa kile sio cha watoto bana, kina mauaji.

Ni kweli kina mauaji. Hapo zamani tembo wote walikuwa ama weusi ama weupe, wanawapenda wanyama wengine wote ila wao kwa wao hawapikiki chungu kimoja. Siku moja weusi wakaamua kuwaua weupe, na weupe nao hivyo hivyo. Wapenda amani wa pande zote wakajitoa mapema wakazama ndani kabisa ya msitu, waliobaki wakapigana mpaka wakaisha. Wote.

Mtoto wa dada yangu kufika hapo akauliza sa nani kashinda, maana kwake kila kitu ni Simba na Yanga. Nikamwambia hesabu waliobaki.

Mi naona kinachowasumbua watu wazima sio vifo. Si tumekua na ngano za sungura na fisi, fisi anapigwa, anaunguzwa, anakufa kwa tamaa yake na sisi tunacheka mbavu hatuna, na hakuna mzazi aliyelalamika. Tofauti ni kwamba kule tuko na sungura, humu huna wa kumshangilia. Halafu tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi ndo huumia, humu wanaomalizika ni tembo wenyewe. Hiyo nimeipenda sana, ule msemo wetu unafanya wakubwa waonekane kama hawaumiagi.

Tatizo langu linaanza hapa. Miaka inapita, wajukuu wa wale waliokimbilia msituni wanatoka, wote wa kijivu, na amani inarudi. Kwa hiyo ili tuelewane lazima kwanza tufanane rangi? Na kumbuka Uingereza ya kipindi hicho, National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, wanaandamana mitaani, Agosti 1977 vurugu kubwa zimetokea Lewisham, London, sasa mtoto mweusi anayekua pale umwambie tulia tu wajukuu zako watakuwa kijivu, Jumatatu anaendaje shule? Cha ajabu ni kwamba Elmer, aliyetoka mara ya kwanza 1968, anajipaka ukijivu afanane na wenzake na hadithi nzima inaenda kinyume na hilo. Na hao wapenda amani wenyewe siwapi sifa kirahisi. Waliondoka kimya, hakuna hata mmoja aliyebaki kumshika ndugu yake mkono akamwambia acha ujinga, halafu ndo ukoo wao unarithi msitu wote!

Ila ukurasa wa mwisho unamwokoa McKee. Eti siku za karibuni wenye masikio madogo na wenye masikio makubwa wameanza kuangaliana kwa jicho baya, basi, kitabu kimeisha. Yaani kufanana rangi hakujasaidia chochote, wametafuta tofauti nyingine wameipata kichwani kwao hapo hapo. Bila huo ukurasa hiki kingekuwa kitabu cha uongo, na najua watu wanaokifunga kabla yake, amani ikisharudi wanasema haya mwisho, lala.

Msifanye hivyo jamani. Hasa sisi wa huku, kwa sababu tembo wa Afrika ana masikio makubwa na wa Asia ana madogo, mtoto aliyewaona Mikumi au hata kwenye TV tu atajua papo hapo tembo "wetu" ni wapi na ataanza kuwapigia debe. Mwache awapigie. Halafu mrudishe ile kurasa ya weusi na weupe umuulize yeye angeanza kumpiga nani, na akibisha bishaneni, hata kama muda wa kulala umeshapita.