Acheni kuwaambia vijana "jizuie" halafu mnaondoka

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu wiki hii, nadhani wengi mmeshatumiwa. Mzungumzaji amesimama mbele ya ukumbi umejaa vijana, maiki mkononi, jasho linamtoka, anawaambia tatizo lenu ni moja tu, hamna nidhamu, hivi mtu mzima na akili zako unashindwaje kuweka simu chini ukalala? Ukumbi wote makofi. Mimi nimeletewa na ndugu watatu tofauti na kila mmoja ameweka na vile vialama vya moto, na grupu la familia likageuka uwanja wa wazazi kuwatag watoto wao, "sikiliza hapa wewe, unasemwa".

Imeniudhi sana. Na naomba nieleweke, sijaudhika kwa sababu mzee kadanganya kila kitu. Vijana wetu wanajiumiza kweli, hilo halina ubishi, usingizi wao umeharibika, wanakula ovyo na kwa saa ovyo, wanakaa kitako kutwa nzima wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate angalau dakika 60 za kuutumia mwili kila siku. Haya yote yapo. Ila nimetazama nyuso za wale vijana kwenye klipu, hasa binti mmoja wa mstari wa pili ambaye kamera ilimkuta ameinamisha kichwa, nikawaza huyu anarudi nyumbani na nini sasa? Anarudi na aibu. Ameambiwa ana kasoro ndani yake, hajaambiwa leo usiku afanye nini.

Hapo ndipo ninapobishana na hii hadithi nzima ya kujizuia. Tumeaminishwa kwamba kuna watu wana roho ngumu, kishawishi kikija wanakikodolea macho mpaka kinakimbia, na wengine ni dhaifu tu. Watafiti walipoangalia maisha ya kawaida wakakuta kitu kingine kabisa. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 205 wa Ujerumani waliotembea na vifaa vilivyokuwa vinawauliza mara kadhaa kwa siku, saa hizi unatamani nini, unajizuia au hujizuii? Sasa ungetegemea wale wenye kujitawala sana ndio wawe wanapigana na nafsi zao kutwa, si ndio? Wapi. Wao ndio waliokuwa na mapambano machache. Vishawishi vilikuwa haviwafikii sana maana maisha yao yamepangwa kiasi kwamba hawakutani navyo kila dakika. Yule unayemsifia kwa nidhamu huenda usiku hapigani na simu kabisa, kwa sababu simu haipo chumbani.

Na mnisamehe nitakaa kwenye hili la simu usiku kwa muda mrefu maana ndiko ninakoona mambo mengine yote yanakoanzia.

Mpwa wangu ana miaka 16. Kuna kipindi nilikuwa nalala kwao na chumba chake kiko njiani ukienda msalani, basi usiku wa manane napita naona mwanga chini ya mlango. Siku moja nikafungua taratibu. Amelala ubavu, shuka limefunika mpaka kichwani, kumebaki uwazi mdogo wa kupumua, na kidole gumba kinapanda, kinapanda, kinapanda. Video haifiki hata nusu ameshasogeza. Hacheki. Nikamuuliza, "Unaangalia nini?" Akaniangalia macho mekundu, akafikiria kabisa, akasema, "Sijui, mjomba." Na nilimwamini, kweli alikuwa hajui. Nikamuuliza kwa nini halali, akasema alikuwa analala sasa hivi, anamalizia tu.

Anamalizia nini jamani? Hakuna cha kumalizia pale! Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho, unafika chini unakuta umeandikiwa "ukurasa unaofuata", na ile sekunde ya kubofya ilikuwa inatosha mtu kujiuliza hivi bado nataka? Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, akatengeneza ile namna ya kusogeza bila kufika mwisho, na baadaye yeye mwenyewe akatoka hadharani kusema anajutia jinsi kitu kile kilivyotumika. Halafu ongeza na hili, kwamba video inayofuata hujui kama itakuwa nzuri au mbovu. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alishaonyesha karne iliyopita kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepata chakula bila kujua kitakuja akigonga kitufe mara ngapi anaendelea kugonga kuliko yule anayejua. Mashine za kamari zinatumia kanuni hiyo hiyo. Sasa unamchukua mtoto wa miaka 16, unamweka peke yake gizani na kitu kilichotengenezwa na watu wazima wasomi wanaolipwa ili asikiache, kesho yake unamwita hana nidhamu. Siwezi kulikubali hilo, nimejaribu, siwezi.

Tena mwili wake mwenyewe hauko upande wake. Mtu akibalehe saa ya mwili inasogea mbele, ile homoni ya usingizi, melatonini, inaanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo, kwa hiyo kijana kukosa usingizi mapema wala si ukaidi. Na bado wataalamu wa usingizi wanasema wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10. Piga hesabu mwenyewe, alale saa sita usiku, aamshwe saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya shule, ni saa tano hizo, na hapo hata simu hatujaitaja. Ni kumkabidhi mtu ndoo iliyotoboka halafu unamgombeza mbona maji hayajai. Mwaka 2014 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Jiji la Seattle likasogeza muda mwaka 2016, watafiti wakawavalisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kwa usiku wa shule. Wengi walidhani vijana wakiongezewa muda wataongeza tu kukesha. Hawakukesha, walilala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba usingizi ukikosekana, kile kile tunachodai kijana hana, uwezo wa kujizuia, nacho kinapungua. Ubongo uliochoka unatafuta raha ya haraka. Asubuhi anaamka kichwa kizito, hajala, anafungua kopo la enaji ili aweze kukaa darasani. Mchana usingizi unamrudia, anafungua lingine, na kafeini, ile ya kumchangamsha iliyomo kwenye kopo, inachukua kama saa tano hivi nusu yake tu kutoka mwilini, maana yake ya saa kumi jioni bado inamchezea saa tatu usiku. Hapati usingizi, anachukua simu. Asubuhi tena kopo. Ukimkuta dukani na lile kopo unaona mtoto anapenda vitu vitamu, huoni usiku wa jana wala wa juzi. Na sukari, na hasira anazowarushia wadogo zake, na kulala kwenye dawati, vyote unavipa jina moja, tabia mbaya.

Lile jaribio maarufu la watoto na peremende ndilo limetuharibu akili, naamini hivyo. Mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, anamwekea mtoto peremende moja, ukisubiri nikirudi nakupa mbili. Baadaye wakasema waliosubiri walifanikiwa shuleni, na tangu hapo kila mhamasishaji anayo mdomoni. Wanachoacha kusema ni kwamba mwaka 2018 watafiti wengine walirudia hesabu hiyo kwa watoto wengi zaidi, zaidi ya 900, na walipoingiza hali ya nyumbani na malezi, ule uhusiano wa kusubiri na kufaulu ukasinyaa sana. Na mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walifanya kitu ambacho mimi kilinigusa. Kabla ya jaribio, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja waliletewa, kundi lingine akarudi akasema samahani, havipo. Walioletewa walisubiri peremende wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, kama dakika 3.

Mtoto aliyedanganywa na mkubwa hana sababu ya kusubiri. Ana akili zake, amepima, ameona ahadi za wakubwa hazifiki. Sasa mwangalie kijana aliyeahidiwa soma utapata kazi, ameona kaka yake kasoma na yuko nyumbani, halafu unamwambia acha raha ya leo kwa ajili ya kesho. Kesho ipi? Kubeti kumeshika vijana kwa sababu hii hii, na hilo peke yake linataka makala yake.

Haya, nakubali, kuna sehemu ya mtu mwenyewe. Hakuna wa kukushikia kidole gumba maisha yako yote, na wapo vijana wakishasikia maneno kama haya yangu wanapata kisingizio, "si mimi, ni aplikesheni". Hapana, ni wewe pia. Nimeshalisema hilo, tuendelee.

Maana wajibu wa kijana unaanza saa mbili usiku akiwa bado na akili zake, hauanzi saa saba akiwa ameshazama. Pale kwa dada yangu tulikaa, tukazungumza na yule mpwa bila kumfokea, tukamuuliza yeye mwenyewe unadhani nini kingesaidia. Akasema simu ikiwa chumbani hawezi. Basi chaja zikahamia sebuleni, juu ya kabati la tivii, na dada akanunua saa ya mezani yenye kengele kwa sababu kisingizio cha kwanza kilikuwa alamu iko kwenye simu. Na ya dada ikawekwa pale, na ya shemeji, hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, shemeji alibisha kweli kweli, yeye anasubiri simu za kazi. Kijana akamtazama tu. Baba mtu akaenda kuchomeka ya kwake.

Wazazi mnaonisoma, hapo ndipo pa kuanzia. Mtoto anayemwona baba yake analala na simu kifuani hatasikia neno lako, na ana haki ya kutolisikia.

Na sigara za kielektroniki sitaziacha zipite, hizo hazina cha mazungumzo ya kirafiki, nikotini, ile inayomnasa mvutaji asiache, ni nikotini hata ikinukia embe, na kule Marekani karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta sigara za kawaida kila siku walijaribu ya kwanza kabla ya kufika miaka 18. Wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Jambo la mwisho ni hizi siku 21. Sijui nani kawaambia watu kwamba tabia inajengwa kwa siku 21, vijana wanahesabu, ya 22 inafika bado wanatamani, wanaona basi wao ndio wabovu. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya ndogo ndogo, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa au kukimbia kidogo kabla ya kula jioni, wakatoa matokeo mwaka 2010. Wastani wa kati ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 mpaka 254. Mmoja anazoea haraka, mwingine miezi minane, na huyo wa miezi minane hajakosea popote. Walichokuta kingine, na hiki natamani kila mzazi akisikie, ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kilichokuwa kinajengeka. Sisi huku mtoto akiteleza usiku mmoja tunakuja mlangoni na "si nilisema? si nilisema huwezi?", na kuanzia hapo kweli anaacha kujaribu, kwa sababu wewe umemwambia hesabu imerudi sifuri wakati haijarudi. Mpwa wangu ameteleza, zaidi ya mara moja, simu imekutwa chini ya mto. Dada akaichukua akairudisha kwenye kabati, akamwambia amka unywe chai utachelewa, na jioni yake mtoto akaipeleka mwenyewe bila kukumbushwa.