Sufu inaonewa kwa hesabu ya milimita

Mwenye nyumba akiuliza kihami joto kipi ni bora, jibu la haraka ni povu gumu, na namba zinaliunga mkono. Ubao mzuri wa povu la PIR (aina ya plastiki ngumu yenye vitundu vidogo) hupitisha joto kwa kiwango cha 0.022 hivi (wati kwa mita kwa digrii). Sufu ya kioo au ya mawe, yaani nyuzi laini za kioo au mawe yaliyoyeyushwa, iko kati ya 0.032 na 0.044. Namba ikipungua, joto hupita kwa shida zaidi. Milimita 100 za povu hilo zinahitaji kama milimita 170 za sufu ya 0.038 ili zilingane. Mjadala hufungwa hapo, na sufu hubaki kuwa chaguo la asiye na pesa.

Lakini namba hizo hupimwa kwenye kipande kizima kisicho na kiungo, na darini hakuna kipande cha namna hiyo. Chukua dari ya mita za mraba 100 yenye ukinzani (uwezo wa kuzuia joto: unene kwa mita ukigawanywa kwa namba ile ya kupitisha joto) wa 5. Hupitisha wati 20 kwa kila digrii ya tofauti kati ya juu na chini. Sasa mita 5 tu zibaki wazi: nyufa za kando ya mbao, pembe ambayo mkono haukufika, mahali nyaya zinapotokeza. Hapo ukinzani ni kama 0.5, wa ubao wa dari na hewa inayougusa. Mita 95 zilizofunikwa vizuri zinapitisha wati 19. Hizi 5 peke yake zinapitisha wati 10. Jumla 29. Sehemu ndogo kiasi hicho imeongeza upotevu kwa asilimia 45! Ukitaka kufidia kwa kunenepesha zile 95, ukinzani wake itabidi ufike 9.5, karibu mara mbili, na nyufa zitakuwa bado zipo palepale. Kwa hiyo swali la kwanza ni nyenzo ipi huacha nyufa chache ikiwekwa na fundi wa kawaida.

Mbao za kenchi hazinyooki. Ubao wa povu ukikatwa kwa msumeno sawasawa, na mbao ya kando ikiwa imepinda milimita 6, tayari kuna mwanya unaopitisha hewa hadi nyuma ya ubao. Njia sahihi ni kuukata upungue milimita 10 kwa upana, kuuweka katikati, kujaza pande zote mbili kwa povu la kopo, kusubiri likauke, kulipunguza kwa kisu, kisha kubandika tepu ya foili kwenye kila kiungo. Mara nyingi ubao husukumwa kwa nguvu tu, kingo zinavunjika, na tepu inaficha kasoro. Sufu hukatwa izidi nafasi kwa milimita 10 hadi 20, kwa kisu kirefu chenye meno. Ingiza kingo kwanza, katikati mwisho, nayo itajitanua na kushika mbao hata zilizopinda. Ukikuta waya, pasua sufu nusu ya unene ili waya upite katikati.

Kuna moto pia. Sufu ya mawe huvumilia zaidi ya digrii 1,000 za Selsiasi. Polistireni, povu jeupe la plastiki, huanza kulainika hata kabla ya 100, na moshi wa PIR hubeba sianidi, sumu kali.

Sufu ina udhaifu wake. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Ukikandamiza milimita 100 ziingie kwenye 70, umetupa sehemu ya ulichonunua. Upepo wa kwenye upenu huipenya, kwa hiyo inataka kizuizi cha upepo. Ikilowa, haifanyi kazi mpaka ikauke. Chini ya sakafu ya zege, kwenye ukuta uliozikwa ardhini, au mahali penye nafasi finyu mno, povu halina mshindani, na kulazimisha sufu huko ni makosa.

Povu la kupulizwa hujibu hoja ya nyufa, kwa kuwa hujaza kila tundu. Ila hapo kiwanda kimehamia darini: vimiminika viwili vinachanganywa papo hapo, na uwiano au halijoto ikikosewa, povu husinyaa na kuachana na mbao, au hutoa harufu isiyoisha. Tabaka nene likipulizwa kwa mkupuo mmoja hupata joto kiasi cha kuungua ndani. Likishashika, halitoki. Paa likivuja juu ya povu la aina ngumu, maji huweza kukaa kwenye mbao miaka bila doa kuonekana chini, huku mbao zikioza. Penye sufu, doa hujitokeza darini. Unainua kipande, unaziba tundu la bati, unaacha mbao zikauke, kisha unaweka kipande kipya.