Kijiji cha India katika Daftari la Sensa: Nani Anastahili Barabara?

Katika madaftari ya wilaya ya Sensa ya India ya mwaka 2011, kila kijiji kina mstari wake: kaya, wanaume, wanawake, watoto wasiozidi miaka 6, wanaojua kusoma na kuandika, kisha huduma. Kwenye usafiri huulizwa kama kuna basi la umma, basi la binafsi, bajaji, trekta, hata mkokoteni wa kukokotwa na wanyama. Pasipo na huduma huwekwa herufi: a ikiwa huduma ya karibu iko chini ya kilomita 5, b ikiwa ni kati ya 5 na 10, c ikiwa ni mbali zaidi. Kwa nchi iliyokuwa na watu milioni 833 vijijini, ufupi huo hauepukiki.

Ubishi unaanza pale hesabu ya watu inapogeuka kuwa kigezo cha kugawa barabara. Mpango wa serikali kuu uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza Desemba 2000, uliahidi barabara inayopitika misimu yote kwa vitongoji vya watu 500 na zaidi katika maeneo ya tambarare, na 250 milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Fedha haitoshi kila mahali kwa mara moja, na namba iliyotangazwa mapema humpa mwanakijiji kitu cha kumdai mbunge wake, ingawa si majimbo yote yaliyoifuata sawasawa.

Hata hivyo, namba yenyewe ina kasoro yake. Makarani wa sensa walipita kati ya tarehe 9 na 28 Februari 2011, na mtu ambaye hakuwapo nyumbani kipindi chote hicho alihesabiwa huko alikokuwa. Sasa, katika wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, familia nyingi huondoka baada ya mvua za monsuni kwenda kukata miwa magharibi mwa jimbo, na Februari huwa bado ziko mashambani huko. Kitongoji chenye wakazi kama hao huonekana kidogo kuliko kilivyo, na kwa sababu ile ile ya umaskini inayokifanya kihitaji barabara.

Wapo pia wanaouliza kama barabara zenyewe zimeleta tija. Utafiti wa Sam Asher na Paul Novosad, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba matokeo makubwa ya barabara hizi yalikuwa watu kuacha kazi za shamba na kutafuta vibarua vingine, wakati kilimo, kipato na mali za kaya havikubadilika sana. Kuiita hasara kwa sababu hiyo ni haraka mno, kwa maoni yangu, maana uhuru wa kuchagua kazi nao ni faida. Lakini utafiti huo unatukumbusha kwamba lami si usafiri. Jimbo la Bihar lilipoanza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari fedha za kununua baiskeli, uandikishaji wao ulipanda kwa takriban asilimia 32, hasa katika vijiji vilivyokuwa kilomita 3 au zaidi kutoka shuleni. Vivyo hivyo, nauli ya bure kwa wanawake, ambayo jimbo la Karnataka lilianza kuitoa mwaka 2023, haimfai mwanamke ambaye kijijini kwake basi halifiki.

Awamu ya nne ya mpango wa barabara, iliyoidhinishwa mwaka 2024, bado inatumia idadi ya watu ya 2011, kwa kuwa sensa ya 2021 iliahirishwa na ijayo imepangiwa 2027. Kigezo cha idadi sioni sababu ya kukitupa. Kinahitaji takwimu mpya na nafasi ya kuwaongeza wanaohama kwa msimu. Na kwenye safu ya usafiri, ingefaa karani aulize basi la kwanza hupita saa ngapi na la mwisho saa ngapi, kwa sababu kijiji chenye basi moja la adhuhuri kimeandikwa kuwa na basi sawa na kile chenye kumi.