Bastola ya plastiki haigeuki bunduki, lakini hilo halitulizi moyo

Kila mara polisi wa Nairobi wanapotangaza kwamba washukiwa wa wizi wamenaswa wakiwa na bastola bandia, swali lilelile huzuka ndani ya matatu, kwa kinyozi na kwenye vikundi vya WhatsApp vya mitaa: je, kitu kilichouzwa kama cha kuchezea kinaweza kugeuzwa kikawa bunduki ya kweli? Wapo wanaoapa kwamba fundi yeyote wa jua kali mwenye tupa na mashine ya kuchomelea anaiweza kazi hiyo, na wapo wanaocheka tu. Naona pande zote mbili hujibu kwa pupa, kwa kuwa zinatia kapu moja vitu vitatu visivyofanana, na kwa kuwa hatari inayomkabili mkazi wa jiji hili hasa haihitaji chochote kigeuzwe.

Kitu cha kwanza ni kile kinachouzwa kwa jumla Kamukunji na Nyamakima, na ambacho watoto wa Eastleigh hukimbizana nacho siku za Idi: bastola ya plastiki yenye springi ndani, inayorusha tembe ndogo hatua chache tu. Hiyo haigeuki. Mtutu wake ni bomba la plastiki, haina chemba ya kushikilia risasi, na hakuna kipande ndani yake kilichokusudiwa kustahimili moto wa baruti. Sioni haja ya kuijadili zaidi.

Kitu cha pili ndicho kinachowachanganya watu, kwa sababu kina uzito wa chuma mkononi na kinafanana na bastola ya askari hadi kwenye alama za ubavuni. Ni zile bunduki za burudani zinazorusha tembe za plastiki za milimita 6 kwa nguvu ya gesi au betri, ambazo watu wazima huzitumia katika michezo ya vita vya kuigiza. Mtu akiishika anaweza kuamini kwamba kilichobaki ni kuitia risasi tu, lakini hesabu inakataa. Gesi inayotumika humo, katika joto la kawaida la chumba, ina shinikizo la takriban bar 8, kama upepo ulio ndani ya tairi la lori. Risasi ya kawaida ya bastola, ya milimita 9, inapolipuka ndani ya chemba hufikia shinikizo la zaidi ya bar 2,000. Tembe ya plastiki yenye uzito wa gramu 0.2 hutoka na nishati ya joule 1 hivi, ilhali risasi ya milimita 9 hutoka na joule zinazokaribia 500. Mwili wa bunduki hizo aghalabu ni aloi ya zinki, madini laini ambayo hayakuchaguliwa kwa kazi hiyo, na anayejaribu kulipua risasi humo anahatarisha vidole na macho yake kabla ya kumhatarisha mwingine yeyote.

Suala hili halijaanzia kwetu. Mwaka 2009, katika bandari ya Tacoma nchini Marekani, maafisa walizuia shehena ya bunduki 30 za aina hiyo kutoka Taiwan, na idara ya serikali inayosimamia silaha ikadai kwamba zingeweza kugeuzwa kuwa bunduki za kweli za kufyatua mfululizo. Wapenzi wa mchezo huo walikejeli dai hilo, nami nadhani walikuwa na hoja, ingawa si ile waliyoisisitiza zaidi. Hoja yenye uzito ni hii: ili mwili wa bunduki ya mchezo ufyatue risasi ya kweli, ni lazima mtu apate mtutu wa kweli, bolti ya kweli, mfumo wa kweli wa kupiga risasi, na risasi zenyewe. Aliyekwisha kuvipata vyote hivyo ana bunduki tayari isipokuwa ganda la nje, na mlango wa kulindwa ni ule alikovipatia vipuri, wala si duka la vitu vya kuchezea.

Kitu cha tatu ndicho kinachonizuia kusema kwamba hofu hii ni upuuzi mtupu. Bastola za risasi baridi, yaani risasi zenye baruti lakini zisizo na kichwa cha kuua, kama zile zinazotumiwa kuanzisha mbio za riadha au kupiga filamu, huuzwa katika nchi kadhaa kama vifaa vya mlio na ishara. Hizo si vitu vya kuchezea hata zikiwekwa kwenye rafu moja navyo, kwa maana zimeundwa tangu mwanzo kustahimili mlipuko wa baruti, japo mdogo, na kinachozizuia kutoa kitu cha kuua ni jinsi mtengenezaji alivyoziba njia. Hapo ugeuzaji si hadithi. Uingereza ilizipiga marufuku bastola za risasi baridi za aina ya Olympic .380 mwaka 2010 baada ya wahalifu kuzigeuza, na mwezi Februari mwaka 2025 polisi wa huko walitoa muda wa kuzisalimisha bastola kadhaa za risasi baridi zilizotengenezwa Uturuki, baada ya vipimo kuonyesha kwamba ni rahisi kugeuzwa. Umoja wa Ulaya nao uliweka mwaka 2019 masharti ya kiufundi ya namna vifaa hivyo vinavyopaswa kuundwa ili visifunguke. Kuna pia silaha halisi zilizozimwa na kuuzwa kama mapambo au vifaa vya maigizo, kisha zikafufuliwa. Baadhi ya bunduki zilizotumika katika mashambulizi ya Paris ya Januari 2015 zilitoka Slovakia kwa njia hiyo. Hata hivyo, bunduki iliyofufuliwa ilikuwa bunduki tangu kiwandani, na kuitaja kama ushahidi dhidi ya vitu vya kuchezea ni kupotosha hoja.

Ninachowaonea wivu Waingereza ni kipimo chao. Sheria yao ya mwaka 1982 inasema kwamba bunduki bandia huhesabiwa kuwa silaha ikiwa inaweza kugeuzwa na mtu asiye na ujuzi maalumu, kwa kutumia vifaa vya kawaida ambavyo watu hutumia kufanyia ukarabati nyumbani. Mtu anaweza kubishana na kipimo hicho, lakini angalau kipo, na mtaalamu anaweza kukileta mahakamani akaulizwa maswali. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inapoeleza maana ya bunduki inagusa pia kitu kinachoweza kurekebishwa ili kifyatue risasi, na maneno hayo yakiachwa bila kipimo yanaweza kumeza kila kitu au yasimeze chochote, kutegemea nani anayesoma.

Sasa turudi mjini. Jambazi wa Nairobi anayetaka silaha inayoua hana sababu ya kuhangaika na karakana na madini ya zinki. Eneo letu limejaa silaha haramu zinazopenya mipakani, na ndiyo maana nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo mwezi Aprili mwaka 2004. Serikali iliteketeza silaha haramu 5,250 kule Ngong mwezi Novemba mwaka 2016, na nyingine zaidi ya 5,000 mwezi Juni mwaka 2021. Kuna pia bunduki za kienyeji zinazochongwa kutokana na mabomba ya chuma, ambazo hazikuwahi kuwa za kuchezea hata siku moja. Anayebeba bastola bandia amekwisha kuamua kwamba hahitaji kufyatua. Anahitaji tu kuaminika kwa dakika mbili, gizani, mbele ya mtu aliyetoka kazini akiwa na simu mkononi.

Katika hilo sheria yetu iko macho kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Silaha kinamwadhibu anayetumia bunduki, au mfano wa bunduki, kwa nia ya kutenda uhalifu, na kinachoangaliwa ni mwonekano wa kitu hicho wala si uwezo wake wa kufyatua. Halafu kuna wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, ambao adhabu yake iliyoandikwa ni kifo, ijapokuwa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Kijana anayejitetea kwamba “ilikuwa ya plastiki tu” asitarajie mengi, hasa kama walikuwa wawili au zaidi, kwa kuwa kuwa na mwenzi wakati wa wizi kunatosha kulifikisha kosa kwenye kifungu hicho bila silaha yoyote kutajwa. Mwonekano nao una mpaka: mwaka 2005 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, lilimwondolea mtu hatia ya kumiliki bunduki bandia kwa sababu alichokuwa nacho ni vidole vyake mwenyewe ndani ya mfuko wa koti, na mtu hawezi kusemwa kuwa anamiliki vidole vyake kama anavyomiliki kifaa. Bila shaka wakili wake alifurahi.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni upande wa pili wa mwonekano huo, yaani askari anayekitazama kitu hicho mkononi mwa mtoto. Tamir Rice alikuwa na umri wa miaka 12 alipopigwa risasi na polisi mjini Cleveland, Marekani, tarehe 22 Novemba 2014, akiwa na bastola ya tembe za plastiki. Sheria ya nchi hiyo inataka vitu kama hivyo viwe na ncha ya rangi ya machungwa, lakini ncha hiyo ilikuwa imeondolewa. Aliyepiga simu kwa polisi alisema kwamba huenda bastola ile ni bandia, maneno yake hayakuwafikia askari waliotumwa, na mmoja wao alifyatua risasi ndani ya sekunde mbili hivi baada ya kufika. Kwa hiyo wanaopendekeza kwamba tupake rangi ncha za bastola zote za watoto kisha tulale usingizi hawajanishawishi. Rangi ya ncha hukwanguliwa au hupakwa nyeusi. Kinachofaa ni mwili mzima wa kitu uwe wa rangi ambayo hakuna bunduki ya kweli inayo, au uwe angavu kiasi cha kuonyesha springi iliyo ndani, na jambo hilo Shirika la Viwango na maafisa wa forodha wanaweza kulidai kabla kontena halijatoka bohari ya Embakasi. Bastola za risasi baridi ziwekwe kando kabisa na vitu vya kuchezea, na anayetaka kuziingiza kwa ajili ya riadha au filamu apitie Bodi ya Leseni za Silaha kama waagizaji wengine wa silaha.

Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika mitaa kama Mathare na Dandora, wakazi na watetezi wa haki wamelalamika kwa miaka mingi kwamba silaha “zilizopatikana” kando ya maiti ya kijana wakati mwingine ziliwekwa pale baada ya risasi kupigwa. Bastola bandia inafaa sana kwa uovu wa namna hiyo, kwa kuwa ni ya bei nafuu na haina nambari ya kufuatilia. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linaruhusu bunduki itumike pale tu ambapo njia nyingine hazitoshi, kama vile kuokoa maisha, na linataka kifo kinachosababishwa na polisi kiripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Ningependa kila ripoti ya namna hiyo ieleze kilichookotwa ni kipi kati ya vile vitatu, kiliokotwa na nani, kilipigwa picha kikiwa wapi kabla ya kuguswa, na mtaalamu wa silaha wa idara ya upelelezi, DCI, alipokipima alikuta nini. Maelezo hayo yatolewe kwa familia ya marehemu pia, bila wao kulazimika kumlipa wakili ili wayaone.